Kifaransa Kitupu Chekechea: Maswali Ambayo Wazazi wa Kigoma Hutuuliza Kila Mwaka

Kila Januari, wiki mbili za mwanzo, benchi lililo nje ya ofisi yetu hapa Mwanga halikosi mzazi. Wengine wamekuja kuandikisha, wengine kuulizia, wachache wamekuja kugomba. Mimi ni mwalimu wa watoto wa miaka mitano katika chekechea inayoendeshwa kwa Kifaransa, na maswali haya nimeyasikia hadi nayajua kwa sauti za wenyewe. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa, hata yale yanayokuja na ukali kidogo.

Mnasema mnawazamisha watoto kwenye Kifaransa. Mnawazamisha vipi?

Neno lenyewe si zuri kwa mji wa ziwani, nakubali. Baba mmoja wa Kibirizi, mvuvi, alituambia kwamba kwao mtu akizama haitwi mwalimu, anaitwa mpiga mbizi. Tangu siku hiyo sisi wenyewe tunasema tu "Kifaransa kitupu."

Maana yake ni kwamba mtoto hafundishwi Kifaransa kama somo. Anafundishwa mambo ya chekechea, yaani kuhesabu, kupanga, kupaka rangi, kunawa, kusubiri zamu yake, na mwalimu anayafanya yote hayo akiongea Kifaransa. Katika somo la kawaida la lugha mwalimu angesema, "Watoto, *rouge* ni nyekundu." Kwetu hilo neno "ni" halipo. Mwalimu ananyoosha kidole kwenye ndoo tatu na kusema, *"Apporte-moi le seau rouge."* Mtoto wa kwanza analeta ya bluu. Mwalimu anacheka, anatikisa kichwa, anarudia. Wa tatu analeta nyekundu, na darasa zima limeshajua *rouge* bila kutafsiriwa.

Mtindo huu haukubuniwa na sisi. Ulianza Canada mwaka 1965, katika mji wa Saint-Lambert karibu na Montreal, jimbo la Quebec. Wazazi wa huko walikuwa wanaongea Kiingereza, lakini wanaishi katikati ya watu wa Kifaransa, na waliona watoto wao wanasoma Kifaransa miaka mingi shuleni na bado hawawezi kununua mkate kwa lugha hiyo. Ni wazazi waliokaa vikao na kuisumbua bodi ya shule hadi ikakubali kufungua darasa la chekechea la majaribio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Wallace Lambert na Richard Tucker, wakawafuatilia watoto hao miaka kadhaa. Huwa nawakumbusha wazazi wanaokuja kugomba kwamba jambo hili lilianzishwa na wazazi wagomvi kama wao.

Kila siku mtoto akirudi namuuliza mmefanya nini, anajibu "tumecheza." Nalipia mchezo?

Ndiyo, unalipia mchezo. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote.

Siku inaanzia kwenye mkeka. Watoto wanakaa duara, mmoja wao ndiye msaidizi wa siku. Anaita majina: *"Qui est absent?"* Kisha anakwenda dirishani kuangalia nje na kurudi na kadi ya hali ya hewa. *Il pleut*, mvua inanyesha. *Il y a du vent*, kuna upepo. *Il fait chaud*, na hiyo ndiyo inayotumika zaidi. Zamani tulikuwa na bango la kuletewa, la kupendeza sana, lenye misimu minne na picha ya theluji. Kigoma tuna mvua za kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili na kiangazi kilichobaki, basi. Mtoto mmoja aliiangalia ile theluji akatuambia kuwa ni pamba. Tukalishusha bango, tukachora letu kwenye manila: wingu jeusi juu ya ziwa, mtumbwi, jua.

Baada ya mkeka inakuja kazi ya mikono, na hapo ndipo Kifaransa chenyewe kinapoingia. Chukulia somo la vinavyoelea na vinavyozama. Tunaweka beseni kubwa la maji katikati. Pembeni kuna jiwe la ufukweni, vizibo vya soda, msumari, ndizi, kijiko, kipande cha ubao. Kabla kitu hakijatumbukizwa kila mtoto lazima atoe dau lake: *ça flotte* au *ça coule?* Anayeamini kitaelea anasimama kushoto, anayeamini kitazama anasimama kulia. Hakuna aliyelazimishwa kutamka neno, miguu yake inatosha kujibu. Lakini ndizi inapoelea, na nusu ya darasa ilikuwa upande wa kulia, hakuna anayenyamaza. Watoto ishirini wanapiga kelele *"ça flotte!"* na ukiwa barabarani utadhani kuna mechi.

Kisha tunachukua udongo wa mfinyanzi. Mwalimu anafinyanga tonge, analiweka majini, linazama. *Ça coule.* Anachukua udongo uleule, anautandaza na kuukunja kingo uwe kama bakuli, anauweka polepole juu ya maji. Unaelea. (Fanya haraka, udongo mbichi ukikaa majini unalainika na bakuli linamong'onyoka mbele ya hadhira.) Watoto wa hapa hawahitaji maelezo marefu kuhusu hili. Wameiona meli ya Liemba bandarini. Chuma kile kiliundwa Ujerumani mwaka 1913, kikaletwa vipande vipande hadi hapa Kigoma, kikaunganishwa na kushushwa majini 1915. Msumari mmoja unazama, meli nzima ya chuma inaelea, na mtoto wa miaka mitano anataka kujua kwa nini. Ukiwa na swali la namna hiyo mkononi, huna haja ya kumbembeleza mtoto akumbuke *le bateau* (meli), *lourd* (zito), *léger* (jepesi), *dedans* (ndani). Anayahitaji maneno hayo ili abishane na mwenzake.

Ndiyo maana akirudi nyumbani anasema "tumecheza." Hajui kwamba amesoma, na sisi hatuna mpango wa kumwambia.

Na duka lile la maboksi pembeni ya darasa ni la nini?

Ni genge. Jumatano tunauza na kununua. Kuna mananasi ya karatasi, mapapai ya magazeti yaliyobandikwa gundi, dagaa waliokatwa kwenye boksi la sabuni, na chupa ndogo yenye rangi ya mawese. Muuzaji anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mnunuzi anakuja na vizibo kama fedha: *"Je voudrais deux papayes, s'il vous plaît."*

Tumechagua bidhaa kwa ujanja. *Ananas* na nanasi, *papaye* na papai, *sucre* na sukari, *savon* na sabuni, *café* na kahawa: masikio ya mtoto yanakuta ndugu. Anapogundua mwenyewe kwamba *savon* ni sabuni iliyovaa nguo nyingine, uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeokota mia tano. Embe ndilo linalokataa, *mangue* haifanani na embe kwa lolote, kwa hiyo tunaliweka mwisho.

Bei tunaziacha ndogo. Mnunuzi mmoja alitaka kunikopa kwa Kiswahili, "nitakuletea kesho mwalimu," nikakataa kwa Kifaransa. Alielewa vizuri sana.

Mwezi wa pili huu, mwanangu hajasema neno hata moja la Kifaransa. Tatizo ni nini?

Mara nyingi hakuna tatizo. Mtoto anayeingizwa katika lugha mpya huwa na kipindi cha ukimya. Anasikiliza, anatazama, anafuata wenzake, na ulimi anauweka akiba. Kwa baadhi ni wiki chache, kwa wengine ni miezi. Alifanya hivyohivyo alipokuwa mchanga: alielewa "lete kikombe" muda mrefu kabla hajaweza kutamka kikombe.

Tunachokiangalia ni kama anaelewa. Tunatoa amri na kuangalia mwili. *Lève-toi. Touche ton nez. Marche comme un chimpanzé.* Yaani simama, gusa pua yako, tembea kama sokwe. Hii ya sokwe ndiyo kipimo kizuri zaidi, hakuna mtoto wa mkoa wenye Gombe anayekataa kuigiza sokwe.

Nitatoa mfano mmoja. Tulikuwa na binti mdogo, kimya kabisa tangu Januari. Aprili hivi, mwalimu mwenzangu akajaribu kutega vitendawili vyetu kwa Kifaransa. Akasema, *"Ma maison n'a pas de porte."* Darasa likatulia, wengine wanatazama mlango. Yule binti akainuka, akatembea hadi gengeni, akarudi na ganda la yai tulilokuwa tumelihifadhi kwa ajili ya kupaka rangi, akalikabidhi kwa mwalimu, akaenda kukaa. Hakusema lolote. Nyumba yangu haina mlango. Alikuwa amesikiliza miezi minne yote.

Ukimya ambao tunamwita mzazi kuuzungumza ni ule wa mtoto asiyeongea lugha yoyote, hachezi, haangalii mtu, au hasikii akiitwa kwa nyuma. Huo hautokani na Kifaransa, na mtoto wa namna hiyo tunashauri akaonwe hospitali, masikio yakiwa ya kwanza kupimwa.

Mjukuu wangu ameniamkia "bonjour." Ndiyo adabu mnayowafundisha?

Shikamoo bibi. Swali hili liliulizwa na bibi mmoja wa Ujiji aliyekuja mwenyewe kwa bodaboda, na alikuwa na haki. Kosa lilikuwa letu. Miaka ya mwanzo tulitaka Kifaransa kianzie getini, kwa hiyo mtoto alikuwa anafundishwa *bonjour* kwa kila mtu mzima anayemwona. Hatukufikiri kwamba *bonjour* haina marahaba. Ni salamu ya kusalimiana, haina mkubwa wala mdogo ndani yake, na mtoto akiitumia badala ya shikamoo amempunguzia bibi yake kitu.

Siku hizi mpaka ni kizingiti cha darasa. Nje ya kizingiti ni shikamoo, kwa mlinzi, kwa mama wa uji, kwa mzazi yeyote aliyekuja. Akishavua viatu na kuvuka ni *bonjour, maîtresse*. Watoto wanaupenda mpaka huo kuliko tulivyodhani. Kuna wanaorudi nje makusudi ili wapate kunishikamoo tena.

Kifaransa nacho kina heshima yake, *vous* kwa mkubwa na *tu* kwa rafiki. Mtoto wa miaka mitano ataniambia *tu* mwaka mzima na simkemei. Mimi namwambia mlinzi *vous* mbele yao, wao wanaona.

Kalemie wanaongea Kiswahili, Bujumbura sokoni Kiswahili unapata. Kifaransa cha nini?

Swali zuri, na mfanyabiashara aliyeniuliza alikuwa ameshavuka ziwa mara nyingi kuliko mimi. Ni kweli, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Utauza dagaa wako Kalemie bila neno la Kifaransa.

Lakini karatasi hazikuandikwa kwa Kiswahili. Lugha rasmi ya serikali ya Kongo ni Kifaransa, na Burundi Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kiingereza. Fomu ya forodha, risiti, barua ya benki, cheti cha hospitali, huko ndiko Kifaransa kinakoishi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi ilikuwamo tangu 2007, na mizigo inayopita bandari yetu kwenda pande hizo si migeni kwa mtu yeyote wa hapa. Mfanyabiashara yule alinikatiza hapo. Akasema karatasi zake husomewa na kijana wa Uvira, na kila anaposomewa humlipa.

Zaidi ya hapo sitaahidi kazi. Mtoto wa miaka mitano hasomi kwa ajili ya forodha.

Kifaransa chenu ni cha Ufaransa au cha Kongo?

Ni cha walimu wetu, mmoja alikulia Bujumbura na mwingine alisomea Dar es Salaam. Tofauti zipo na hatuzifichi. Sabini kwa Mfaransa ni *soixante-dix*, yaani sitini na kumi. Kongo na Burundi, kwa urithi wa Wabelgiji, wanasema *septante*, na tisini ni *nonante*. Kwa akili yangu *septante* ndiyo yenye busara, nani anataka kufanya hesabu ya kujumlisha ili tu ataje umri wa babu yake? Chekechea hatufiki sabini hata hivyo. Tunaishia thelathini, na baada ya ishirini wengi wanaimba tu.

Matamshi je? Naona anasema "tabule."

Atasema *tabule* kwa muda. Kiswahili kinapenda kila silabi ifungwe kwa irabu, na Kifaransa kinarundika konsonanti mwisho kisha hazisikiki zote. Hatumsahihishi kwa kumkatiza. Yeye akisema "tabule," mwalimu anajibu *"Oui, la table, mets-le sur la table,"* na maisha yanaendelea.

Sauti inayotaka mazoezi ni ile *u* ya *rue*. Kiswahili hakina. Mtoto akisema *rou* amesema *roue*, gurudumu, badala ya mtaa. Dawa yake ni mluzi: weka midomo kama unataka kupiga mluzi, kisha sema "i." Siku ya mluzi darasa haliwezi kufanya kitu kingine.

Kuna jambo moja linalowanufaisha watoto wetu na wazazi wengi hawalijui. Kifaransa kimegawa majina, haya ya kiume na yale ya kike, *le* na *la*, na watu wazima wanateseka nalo sana. Mtoto wa Kiswahili tayari ana ngeli. Anajua kiti ni kimoja na meza ni moja, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini. Kwamba majina yana makundi na maneno mengine lazima yafuate si habari mpya kwake. Sisi tunachofanya ni kutolitaja jina peke yake kamwe: daima *la porte*, *le seau*. Wengine wanalibeba na kiambishi chake kana kwamba ni neno moja. Kilingala nacho kilibeba *l'hôpital* hivyohivyo kikapata lopitalo, na hakuna aliyekufa.

Ananiambia samaki ni "sucré." Mnawapikia nini?

Hatuwapikii samaki wa sukari! Hili lilitokea kwenye somo la kuonja. Tunaweka visahani vinne: chumvi ya Uvinza, asali, limau, na kipande cha nyanya chungu mbichi. Mtoto anafumba macho, anaonja, anataja: *salé, sucré, acide, amer*. Nyanya chungu huwa inawaletea sura ambazo ningependa wazazi wazione.

Shida ni kwamba Kiswahili chetu kinasema "tamu" kwa vyote. Asali ni tamu, migebuka wa kukaanga ni tamu, hata hadithi ni tamu. Kwa hiyo mtoto akila samaki mzuri anatafuta Kifaransa cha tamu na kukuta *sucré*. Si kosa la kijinga, amefikiri. Tunamwongezea *c'est bon*, yaani ni kizuri, na kumwachia migebuka wake.

Atajua kusoma na kuandika lini? Jirani anasoma "ba be bi bo bu" tayari.

KKK yetu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni kwa Kiswahili. Saa ya mwisho ya kila siku ni ya Kiswahili, ina hadithi, silabi, na kuhesabu kwa vizibo. Hatufundishi kusoma Kifaransa chekechea, na hili ni uamuzi, hatujachelewa.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishajua herufi anasoma "baba" na "meza" bila kuuliza. Kifaransa kinaandika *beaucoup* na kutamka "boku." Kinaandika *ch* na kutamka sauti ya "sh" yetu, kinaandika *ou* kwa sauti ya "u" yetu, na *u* yake ni ile ya mluzi. Ukimfungulia mtoto milango hiyo miwili kwa siku moja utamchanganya bure. Kwa hiyo anasoma kwanza kwa lugha nyepesi kusomeka. Kwa Kifaransa anaona jina lake kwenye kabati na lebo za vitu kama *la fenêtre*, anazizoea machoni, basi.

Wale watoto wa Saint-Lambert walianza kusoma kwa Kifaransa, na kwa muda walikuwa nyuma ya wenzao katika kusoma Kiingereza, baadaye wakawafikia. Sisi tumeligeuza, kwa sababu Kiswahili kinaturahisishia kazi.

Nyumbani tunaongea Kiha. Lugha tatu si nyingi mno?

Kuna watoto wengi wa mkoa huu ambao Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili. Watoto wanaweza. Wasichoweza ni kujenga lugha ya tatu juu ya ya kwanza iliyoachwa ilegee. Endelea na Kiha. Msimulie, mgombeze, mwimbie kwa Kiha. Mtoto anayejua kueleza kwa Kiha kwa nini amempiga mwenzake ana kitu cha kutafsiri siku moja. Asiyejua kueleza kwa lugha yoyote, Kifaransa hakitamwokoa.

Mimi sijui Kifaransa hata cha kuombea maji. Nitamsaidiaje?

Usimsaidie. Nasema kwa upendo. Usimsimamishe mbele ya wageni ukamwambia "haya, waoneshe wajomba Kifaransa chako, kuku anaitwaje?" Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumfunga mdomo. Kwetu hajajifunza kwa kuulizwa "kitu fulani kwa Kifaransa ni nini," kwa hiyo swali lenyewe ni geni kwake, hata kama kuku anamjua vizuri.

Akianza mwenyewe, akiwa anaosha mikono na kuimba *je me lave les mains*, msikilize. Ukitaka, muulize akufundishe. Mama mmoja alifundishwa na mwanawe kuhesabu hadi kumi wakichambua mchele, na mtoto alikuwa mwalimu mkali kuliko mimi.

Anachanganya. Jana kasema "mama nimemaliza dessin yangu."

*Dessin* ni mchoro. Sentensi safi kabisa, ngeli imekaa mahali pake. Anachota neno lililo karibu. Ninyi mnaosema "nimechaji simu" mna tofauti gani naye?

Akiumwa, au akitaka chooni, mpaka aseme kwa Kifaransa?

Hapana. Choo, maumivu, hofu na machozi ni kwa lugha yoyote, na anajibiwa kwa lugha hiyohiyo, papo hapo. Mwalimu atakayemwambia mtoto anayelia *"en français"* hatafundisha kwetu.

Ada, sare, chakula?

Fika ofisini, karatasi ipo, inabadilika kila mwaka na sitaki kuandika ya zamani. Uji tunatoa sisi. Viatu tafadhali viwe vya kuvaa na kuvua bila kamba, maana tunavua mara nne kwa siku na walimu ni wawili.

Darasa la kwanza anakwenda shule isiyo na Kifaransa. Si atasahau chote?

Mengi atasahau, na yeyote atakayekuambia vinginevyo anauza kitu. Lugha ya mtoto wa miaka sita isiyotumika inafifia haraka kama ilivyokuja. Mwaka mmoja wa chekechea haumfanyi mtu awe mzungumzaji wa Kifaransa. Kule Canada watoto waliendelea na mtindo huo shule ya msingi nzima, na hilo ndilo lililowapa matokeo yao.

Kinachobaki, kwa nilivyoona kwa waliopita mikononi mwangu, ni sikio na ujasiri. Sikio lililokwisha kuzoea *u* ya mluzi na *on* ya puani linaitambua tena hata miaka ikipita. Na mtoto aliyewahi kukaa darasani bila kuelewa kitu, kisha siku moja akaelewa, haogopi tena lugha asiyoijua. Waliokwenda shule za Kiingereza walimu wao wanatuambia hawalii wiki ya kwanza.

Kwa wanaotaka kuendelea tuna Jumamosi moja moja: genge linafunguliwa, wakubwa wanakuwa wauzaji na wadogo wanunuzi. Mwenye shangazi Bujumbura au Rumonge ampeleke likizo, huko atapata zaidi kwa wiki mbili kuliko kwangu kwa muhula.

Naweza kuja kukaa darasani nijionee?

Karibu, Alhamisi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Utavua viatu na kukaa kwenye mkeka kama wengine, viti vyetu vyote ni vidogo. Mtoto wako atakugeukia na kutaka umtafsirie. Usimtafsirie. Mtazame mwalimu, naye atatazama huko. Na ukiulizwa *ça flotte ou ça coule*, nenda kasimame upande unaoamini. Mzee mmoja alisimama upande wa "itazama" kwenye ndizi, mbele ya mjukuu wake, na hadi leo akipita getini watoto wanamwita *Monsieur Banane*.